Nuru Hafifu kwa Nuru Kali: Kupima Mwendo na Idadi ya Nanochembe

Nanochembe ni chembe ya maada ambayo kipenyo chake hupimwa kwa nanomita, yaani kwa sehemu za bilioni moja za mita, na kwa kawaida jina hilo hupewa chembe zenye kipenyo cha kati ya nanomita 1 na 100, ijapokuwa katika kazi za maabara mpaka huo wa juu haushikwi kwa ukali na chembe za nanomita mia mbili au mia tatu huingizwa katika kundi hilohilo. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000, hivyo chembe ya nanomita 100 ni ndogo kuliko unene wa unywele kwa mara 800. Kirusi cha UKIMWI kina kipenyo cha nanomita 100 hivi au zaidi kidogo. Kitone cha mafuta kinachobeba ujumbe wa kijenetiki katika chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA kina ukubwa unaokaribiana na huo. Na ule mstari mwekundu unaojitokeza katika kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wahudumu wa afya nchini Tanzania hukiita mRDT, mara nyingi hutokana na chembe za dhahabu zenye kipenyo cha makumi machache ya nanomita, kwa kuwa dhahabu iliyogawanyika kufikia udogo huo huacha rangi yake ya manjano na kuwa nyekundu.

Anayetengeneza chanjo au kipimo cha namna hiyo hukabiliwa na maswali mawili ambayo ni mepesi kuyauliza na magumu kuyajibu: chembe hizi zina ukubwa gani, na katika mililita moja ya kimiminika zimo ngapi. Swali la kwanza hujibiwa kwa kuutazama mwendo wao, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini, na la pili hujibiwa kwa kuzihesabu. Majibu yote mawili huhitaji kwanza kitu kilekile, yaani kuiona chembe, na ni katika kuiona ndiko elimu ya mwingiliano wa mawimbi ya nuru ilikotoa mchango ambao hakuna lenzi, hata iwe bora kiasi gani, ingeweza kuutoa peke yake.

Mara nyingi husemwa kwamba nanochembe haionekani kwa hadubini ya nuru kwa sababu ni ndogo kuliko urefu wa wimbi la nuru. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Mwaka 1873 mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba hadubini haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi, na kwa nuru ya kijani mpaka huo huangukia kwenye nanomita 200 na ushei. Lakini kutenganisha ni jambo moja na kugundua ni jingine. Nyota za angani ziko mbali mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona umbo la hata moja kati yao, ila jicho hilohilo huziona nyota maelfu, kila moja ikiwa nukta ya nuru, kwa sababu mbingu zilizo nyuma yake ni nyeusi na nuru yake inatosha. Nanochembe nayo, ikimulikwa, hutawanya nuru pande zote na inaweza kuonekana kama nukta, mradi nuru hiyo itoshe kuonekana. Jambo hili lilithibitishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Henry Siedentopf na Richard Zsigmondy, waliobuni hadubini iliyomulika sampuli kutoka ubavuni ili nuru ya taa yenyewe isiingie machoni, wakaona chembe za dhahabu zilizofichika ndani ya kioo chekundu ziking'aa kama vimulimuli gizani. Zsigmondy alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925.

Kwa hiyo kikwazo cha kweli ni uhafifu wa nuru, na uhafifu huo hufuata kanuni yenye ukatili. Chembe iliyo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi hutawanya nuru ambayo nguvu yake huenda na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara sita. Kipenyo kikipungua kwa nusu, nuru hupungua mara 64. Kikipungua mara kumi, kutoka nanomita 100 hadi nanomita 10, nuru hupungua mara 1,000,000. Hakuna taa inayoweza kuongezwa ukali mara milioni bila kuichemsha sampuli, na hakuna kamera isiyo na mchafuko wake wa ndani unaoizamisha nuru hafifu kiasi hicho. Njia ya giza iliyofunguliwa na Siedentopf na Zsigmondy ilikuwa na ukomo wake tangu ilipozaliwa.

Njia nyingine ilitoka katika sifa ya nuru ambayo Mwingereza Thomas Young aliieleza mbele ya Royal Society ya London tangu mwaka 1801. Nuru ni wimbi, na mawimbi mawili yanapokutana hayapitani kama wageni. Hujumlishana mahali hapo yalipokutania. Kilele cha moja kikiangukia juu ya kilele cha jingine, wimbi linalotokea huwa refu zaidi, na kilele kikiangukia kwenye bonde, huliana. Huku kujumlishana na kuliana ndiko kunakoitwa mwingiliano wa mawimbi, na nafasi ya wimbi katika mzunguko wake wa kilele na bonde huitwa awamu. Rangi zinazotambaa juu ya dimbwi la maji lililomwagikiwa mafuta ya gari ni mwingiliano wa nuru iliyorudishwa na uso wa juu wa utando wa mafuta na ile iliyorudishwa na uso wake wa chini: utando ule una unene wa nanomita mia kadhaa tu, na hata hivyo tofauti ndogo ya unene huo hubadilisha rangi mbele ya macho ya mpita njia asiye na kifaa chochote. Mwingiliano, kwa maneno mengine, hugeuza urefu usioonekana kuwa mwanga unaoonekana.

Kabla ya kuona jinsi sifa hiyo ilivyotumiwa, yafaa kuueleza mwendo wenyewe unaopimwa. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Robert Brown, alikuwa akichunguza chavua ya ua la Clarkia pulchella ndani ya maji alipoona kwamba punje ndogondogo zilizotoka katika chavua hiyo hazitulii kamwe, hutikisika huku na huku pasipo mwelekeo. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba zina uhai. Brown hakuridhika nalo, akajaribu unga wa vioo, wa mawe, na hata kipande cha sanamu la Sphinx la Misri, akakuta kila kitu kilichosagwa vya kutosha hutikisika vilevile, na kwa hiyo chanzo hakikuwa uhai. Ilipita karibu miaka 80 kabla Albert Einstein, mwaka 1905, hajaonyesha kwa hesabu kwamba mtikisiko huo ni matokeo ya molekuli za maji kuigonga chembe kutoka kila upande bila kusawazishana, na kwamba kutokana na ukubwa wa kutangatanga kwake mtu anaweza kukokotoa ukubwa wa chembe. Kanuni yake, ikisemwa kwa maneno, ni kwamba kasi ya msambao, yaani kipimo cha jinsi chembe inavyotangatanga, huongezeka kwa joto na hupungua kwa mnato wa kimiminika na kwa kipenyo cha chembe. Chembe kubwa hutangatanga polepole, ndogo huhangaika.

Ukweli wa kanuni hiyo ulithibitishwa mjini Paris na Jean Perrin kuanzia mwaka 1908, na kazi yake inastahili kukumbukwa hapa kwa sababu alipima mambo yaleyale mawili yanayozungumziwa. Alichukua utomvu wa manjano wa mti wa Asia uliotumiwa na wachoraji kama rangi, akautengeneza kuwa vipunje vya ukubwa uleule, akafuatilia mwendo wa kipunje kimoja kimoja kwa hadubini na kuuchora kwenye karatasi. Kisha, katika majaribio mengine, akavihesabu vipunje kwenye vina mbalimbali vya tone la maji ili aone jinsi vinavyopungua kadiri mtu anavyopanda juu. Mwendo na idadi vilitoa jibu moja kuhusu wingi wa molekuli, na waliokuwa bado wakitilia shaka kuwapo kwa atomi walikosa pa kusimamia. Perrin alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1926. Vipunje vyake, hata hivyo, vilikuwa vikubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida.

Tarakimu chache zitasaidia kuyaona mambo yalivyo katika ulimwengu wa nanomita. Chembe ya nanomita 100 ndani ya maji ya nyuzi joto 25 husogea kwa wastani takriban maikromita 3 kwa sekunde katika kila mhimili, yaani mara 30 ya kipenyo chake chenyewe, na mwendo huo haujumlishwi kama wa msafiri: kusogea mara mbili ya umbali huo huhitaji muda mara nne, kwa kuwa chembe husahau mwelekeo wake kila inapogongwa. Mnato wa maji nao hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, na kati ya nyuzi 20 na nyuzi 30 hupungua kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo maabara ya pwani ambamo kiyoyozi kimezimika, ikiwa haina kipimajoto ndani ya sampuli yenyewe, itatoa kipenyo chenye kosa kubwa kuliko kosa lolote la lenzi zake.

Matumizi ya kwanza ya mwingiliano katika kazi hii yalikuja baada ya leza kuundwa mwaka 1960. Nuru ya leza ina mawimbi yaliyopangika, yanayotembea kwa hatua moja kama askari wa gwaride, na inapopita katika maji yenye nanochembe, nuru zilizotawanywa na chembe mbalimbali huingiliana zenyewe kwa zenyewe na kutengeneza madoa ya mwanga na kiza. Chembe zinapotangatanga, awamu za nuru zao hubadilika na madoa humetameta. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliutumia mbadiliko huo kupima msambao wa chembe za plastiki majini, na kutokana na kazi za miaka ile ikazaliwa njia ambayo leo hupatikana katika maabara nyingi za kemia na dawa. Kifaa huikusanya nuru kwa pembe moja, na kompyuta hulinganisha mwanga wa sasa na mwanga wa kitambo kifupi kilichopita, ikiuliza baada ya muda gani mwanga umesahau ulivyokuwa. Kwa chembe za nanomita 100, katika kifaa cha leza nyekundu kinachokusanya nuru inayorudi nyuma, kusahau huko huchukua karibu theluthi moja ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Kwa chembe kubwa huchukua muda mrefu zaidi.

Njia hiyo ni ya haraka, na dakika chache hutosha kupata kipenyo cha wastani. Lakini ina udhaifu ambao kila anayeitumia anapaswa kuukumbuka kabla ya kuamini tarakimu inayotoka. Husikiliza kelele za umati mzima, na katika umati huo wakubwa ndio wenye sauti. Kwa kanuni ile ya kipenyo mara sita, chembe moja ya nanomita 100 hutoa nuru sawa na chembe milioni za nanomita 10, hivyo sampuli ambayo kwa idadi karibu yote ni chembe ndogo inaweza kutangazwa kuwa ya chembe kubwa, na punje chache za vumbi zilizopenya kwenye chujio hutosha kuharibu kipimo. Isitoshe, haimwoni hata mmoja katika umati, na kwa sababu hiyo haiwezi kuuhesabu moja kwa moja.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa kuacha kuziachia nuru hafifu ziingiliane zenyewe kwa zenyewe, na badala yake kuichukua nuru hafifu ya chembe moja na kuikutanisha kwa makusudi na nuru kali iliyotulia. Nguvu ya wazo hili hudhihirika kwa hesabu ya shule ya msingi. Kinachohesabiwa na kamera ni nguvu ya nuru, na nguvu ni kimo cha wimbi kilichozidishwa kwa chenyewe. Chukua nuru kali yenye kimo cha 1,000 na nuru ya chembe yenye kimo cha 1. Nguvu ya nuru kali ni 1,000,000, na nguvu ya nuru ya chembe ikiwa peke yake ni 1, kiasi ambacho hakuna kamera itakayokiona. Lakini mawimbi yakikutana kilele kwa kilele, kimo huwa 1,001 na nguvu huwa 1,002,001. Yakikutana kilele kwa bonde, kimo huwa 999 na nguvu huwa 998,001. Chembe ambayo peke yake ingetoa 1 imeiongeza au kuipunguza nuru kali kwa takriban 2,000. Uwiano wa moja kwa milioni umekuwa uwiano wa mbili kwa elfu. Nuru ya chembe haikukuzwa wala haikuongezewa chochote; imeegemezwa tu juu ya nuru nyingine iliyo imara, na kamera inasoma jinsi nuru hiyo imara inavyotikiswa.

Faida ya pili ni kwamba ishara sasa hufuata kimo badala ya nguvu, na kimo huenda na kipenyo kilichozidishwa mara tatu tu. Chembe ikipungua kutoka nanomita 100 hadi 10, ishara hupungua mara 1,000 badala ya mara 1,000,000.

Kifaa chenyewe kwa ujenzi ni chepesi kuliko inavyodhaniwa. Leza huelekezwa kupitia lenzi ya hadubini hadi kwenye kioo chembamba kilichobeba tone la sampuli. Sehemu ndogo ya nuru, chini ya asilimia 1, hurudishwa na mpaka wa kioo na maji, na hiyo ndiyo inayokuwa nuru kali ya kuegemewa. Nuru iliyotawanywa na chembe hurudi kwa njia ileile, na zote mbili hufika kwenye kamera pamoja. Kwa kuwa zimesafiri njia moja, mtikisiko wa meza au joto la chumba huzitikisa kwa pamoja na hauziachanishi. Mtindo huu, unaoweza kuitwa hadubini ya mtawanyiko wenye mwingiliano, uliendelezwa na kundi la Vahid Sandoghdar, kwanza Zürich na baadaye Erlangen nchini Ujerumani. Mwaka 2004 kundi hilo lilitangaza kuwa limezigundua chembe za dhahabu za hadi nanomita 5. Mwaka 2009 mtindo huo ulitumiwa kufuatilia kirusi kimoja kikitembea juu ya utando wa mafuta, na mwaka 2018 kundi la Philipp Kukura wa Oxford lilionyesha kwamba hata molekuli moja ya protini, isiyotiwa rangi wala alama yoyote, inaweza kupimwa uzito kwa kiasi inavyotia kiza nuru ya kioo pale inapotua juu yake.

Hata hivyo hakuna kinachopatikana bure. Nuru huja kwa vipande vinavyoitwa fotoni, na vipande hivyo hufika kwa kubahatisha kama matone ya mvua juu ya bati, kiasi kwamba anayehesabu fotoni milioni moja atapata hesabu inayopanda na kushuka kwa takriban elfu moja kila anaporudia. Ishara ya mbili kwa elfu hujitokeza kidogo tu juu ya mchafuko huo. Ishara ya moja kwa elfu kumi huhitaji zaidi ya fotoni milioni mia kwa kila nukta ya picha, ndiyo maana kazi hii ilisubiri kamera zinazoweza kumeza nuru nyingi kwa kasi kubwa.

Taabu nyingine ni kioo. Uso wa kioo kinachoonekana laini kabisa una mabonde na vilima vya nanomita moja au mbili, na vilima hivyo hutawanya nuru kuliko protini inayotafutwa. Picha ghafi kwa hiyo huwa vurugu tupu ya madoa, na ufumbuzi wake ni wa kupendeza: kioo hakisogei, lakini chembe husogea, hivyo picha nyingi huchukuliwa mfululizo, wastani wake hutafutwa, na kila picha hugawanywa kwa wastani huo. Kilichotulia hufutika, na kinachotangatanga hubaki. Mwendo wa Brown, ambao mpiga picha wa kawaida angeuona kuwa adui kwa sababu humkosesha picha iliyotulia, ndio unaoiokoa chembe isizame katika madoa ya kioo.

Kisha kuna suala la kina. Chembe ikipanda kutoka kwenye kioo, nuru yake husafiri njia ndefu zaidi kuliko nuru ya kioo, na awamu hubadilika. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532 ndani ya maji, kupanda kwa nanomita 100 hutosha kuigeuza chembe kutoka doa jeusi kuwa doa jeupe, na nanomita 100 nyingine huirudisha kuwa nyeusi. Kwa mwanafunzi anayeanza, kuiona chembe ikipepesa hivyo huleta hofu kwamba kifaa kimeharibika. Kwa mzoefu, kupepesa huko ni rula iliyosimamishwa wima, yenye mistari iliyopangika kwa nanomita, ambayo humwezesha kuufuatilia mwendo katika mihimili yote mitatu.

Chembe ikishaonekana, kipenyo chake hupatikana kwa kufuata nyayo zake picha baada ya picha na kukokotoa kasi ya msambao. Usahihi wake hutegemea idadi ya hatua zilizorekodiwa: hatua 100 hutoa kasi ya msambao yenye kosa la takriban asilimia 10, na kulipunguza kosa hilo hadi asilimia 1 huhitaji hatua 10,000. Chembe ndogo haikai mbele ya lenzi kwa muda mrefu, kwa hiyo hatua nyingi zinaweza kupatikana tu kwa kupiga maelfu ya picha kila sekunde, jambo ambalo nuru hafifu ya njia ya giza haikuruhusu na nuru ya kuegemea inaruhusu. Kuna mtego pia: kila picha huikosea chembe mahali ilipo kwa nanomita chache, na kosa hilo, lisipotolewa katika hesabu, huonekana kama mwendo, nayo chembe hudhaniwa kuwa ndogo kuliko ilivyo.

Idadi ni suala gumu zaidi kuliko ukubwa, na ni haki kusema kwamba tarakimu za idadi zinazochapishwa katika taarifa za maabara zinastahili kutiliwa shaka kuliko tarakimu za kipenyo. Kipenyo hutokana na kanuni ya asili: joto, mnato na mwendo, vyote vinavyopimika. Idadi katika mililita hutokana na mgawanyo wa vitu viwili, chembe zilizohesabiwa na ujazo zilimohesabiwa, na cha pili ndicho kisichojulikana vizuri. Tuseme sampuli ina chembe milioni 100 kwa mililita. Mililita moja ni maikromita za ujazo trilioni moja, kwa hiyo kila chembe ina nafasi ya maikromita za ujazo 10,000. Kamera ikiona eneo la maikromita 100 kwa 80, na kina cha maikromita 10, itaona chembe 8 kwa wakati mmoja. Urefu na upana wa eneo hilo hupimwa kwa rula ya hadubini bila taabu. Lakini kina kinaishia wapi? Chembe haitoweki ghafla inapovuka mpaka. Hufifia polepole, na chembe yenye nuru nyingi huonekana mbali zaidi kuliko yenye nuru kidogo. Ujazo unaoonekana kwa chembe kubwa si sawa na ule wa chembe ndogo, ingawa zimo katika tone moja. Anayetumia kina kimoja kwa zote atahesabu kubwa nyingi mno na ndogo chache mno, na grafu yake itakuwa nzuri na ya uongo.

Mwingiliano hulipunguza tatizo hili kwa sababu ishara huenda na kipenyo kilichozidishwa mara tatu badala ya sita, kwa hiyo tofauti ya kina kati ya ndogo na kubwa si kubwa kama zamani, na kwa sababu kupepesa kwa awamu hueleza chembe iko umbali gani kutoka kwenye kioo. Njia nyingine ni kuacha kuhesabu zinazoelea na kuhesabu zinazotua: kioo hupakwa kitu kinachozinasa, na kila inapotua moja doa jipya hujitokeza na halifutiki. Idadi ya zinazotua kwa dakika huenda sambamba na wingi wake katika maji na kasi ya msambao wake, na kwa kuwa kasi hiyo hujulikana, wingi unaweza kukokotolewa pasipo kujua kina. Sharti lake ni kwamba kila inayogusa inase, na sharti hilo halitimizwi daima.

Ndiyo sababu maabara makini hazianzi kuhesabu kisichojulikana kabla hazijahesabu kinachojulikana. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, imekuwa ikitoa chembe za dhahabu za ukubwa wa takriban nanomita 10, 30 na 60 zilizopimwa kwa njia kadhaa tofauti ili wengine wazitumie kusahihisha vifaa vyao. Mhesabu pia hana budi kuheshimu sheria ya bahati nasibu: aliyehesabu chembe 100 hana haki ya kudai usahihi unaozidi asilimia 10, na anayetaka asilimia 1 sharti ahesabu 10,000. Sampuli nzito mno huzifanya nyayo za chembe zikatane na moja kuchukuliwa kuwa nyingine. Nyepesi mno humfanya mtu angoje siku nzima. Kuipunguza makali kwa maji safi ni kazi ya kawaida, lakini maji yasiyochujwa vizuri huja na chembe zake.

Mwaka 2022 kundi la Erlangen lilichapisha njia inayounganisha mambo yote haya, kwa kufuatilia chembe moja moja katika maji kwa kamera ya kasi na kusoma vitu viwili kwa kila moja: kipenyo kutokana na mwendo wake, na nguvu ya kutawanya nuru kutokana na ukali wa doa lake. Vitu hivyo viwili havisemi jambo lilelile. Chembe ya dhahabu na kifuko cha mafuta vyenye kipenyo kimoja hutangatanga kwa kasi moja, kwa kuwa maji hayajali kilichomo ndani, lakini dhahabu hutawanya nuru nyingi zaidi. Zikichorwa kwenye grafu moja, chembe za maada tofauti hujitenga katika mawingu tofauti hata zikiwa na ukubwa uleule, na kifuko kitupu huonekana kando ya kilichojaa.

Umuhimu wa kutenganisha huko huonekana zaidi katika damu na mkojo. Seli za mwili hutoa vijifuko vidogo vyenye utando wa mafuta, vingi vyavyo vikiwa na kipenyo kati ya nanomita 30 na 150, na watafiti wengi wanatumaini kwamba wingi wake na yaliyomo ndani yake yatawawezesha siku moja kuutambua ugonjwa mapema. Lakini damu hubeba pia chembe za mafuta ya chakula, ambazo zina ukubwa unaoangukia humohumo na ambazo huzidi sana baada ya mlo. Kifaa kinachojua kipenyo peke yake hakiwezi kuzitofautisha, na hesabu ya vijifuko iliyofanywa katika damu ya mgonjwa aliyetoka kula itakuwa imejumlisha ndani yake mafuta ya chakula alichokula.